Watoto Tisa wa Pango la Mrughenyi

Mashine ilipoliandika jina lake mara ya pili, Mshai alidhani amekosea yeye. Akalifuta. Akavua glavu, akavaa nyingine mpya, akafunga kitambaa kipya mdomoni. Kisha akakwangua tena lile fuvu dogo, unga wa mfupa kiasi cha ncha ya kijiko, akautia ndani na kufunga kifuniko.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ilifanana na chungu cha kupikia, na ndivyo wasomaji wa nasaba wa kaunti nzima walivyoiita: Chungu. Ukikipa mate ya mtu aliye hai, au unga wa mfupa wa mtu aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, kilisoma vinasaba vyake na kumweka mahali pake kwenye mti wa ukoo. Huyu ni mjukuu wa yule. Yule ni shangazi wa huyu. Hakikuhitaji masimulizi wala cheti, kwa hiyo tangu ipitishwe Sheria ya Nasaba hakuna aliyebishana nacho.

Kilinguruma kidogo, kikanyamaza. Kwenye kioo jina likatokea pale pale lilipokuwa.

*Mshai, binti wa Wughanga.*

Safari hii Mshai aliangalia chini ya jina, mahali ambapo mwanzoni hakupatilia maanani. Palikuwa na neno moja.

*Marehemu.*

Akaweka kijiko chini polepole, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni.

Alikuwa na wiki tatu Mrughenyi, kijiji alikozaliwa, huku juu katika Milima ya Taita. Kaunti ilikuwa ikiandika Kitabu cha Koo, kijiji baada ya kijiji, na yeye aliomba mwenyewe apangiwe cha kwao. Kazi ilikuwa imekwenda vizuri. Watu mia nne na kitu walikuwa wameshatema mate kwenye vichupa. Yeye mwenyewe alitema cha kwanza, ili watu wasiogope. Halafu akapanda pangoni.

Zamani, kabla ya makanisa, watu wa milima hii walimzika mtu, wakangoja, kisha wakalifukua fuvu lake na kulipeleka pangoni likae na wenzake. Walipelekwa watu wazima tu, walioacha uzao. Mafuvu arobaini na moja yalikuwa yamepangwa juu ya ubao wa jiwe, na kwa siku nane Mshai aliyasoma moja moja, akifurahi kila kiungo kilipokaa mahali pake. Leo asubuhi, alipokuwa akipima pango, aliona kwamba ukuta wa mwisho haukuwa mwamba. Yalikuwa mawe yaliyopangwa na mikono ya watu. Aliyaondoa. Nyuma yake kulikuwa na masanduku tisa ya mbao, madogo, yamepangwa safu moja.

Alikuwa amefungua moja tu.

"Da Chao," akaita. "Hebu njoo."

Chao alikuwa katibu wa kamati ya kijiji, mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Kazi yake ilikuwa kumsindikiza msomaji, maana pango la ukoo haliingiwi na mtu peke yake. Siku zote alikaa ndani akipiga soga. Leo, tangu mawe yalipoanza kuondolewa, alikuwa ametoka nje, ameketi na kulipa pango mgongo.

"Niko hapa," akasema bila kugeuka.

"Haya masanduku ni ya nani?"

"Mimi sijui mambo ya masanduku."

"Yana misumari ya dukani. Hayakuwekwa na mababu haya."

Chao alivuta leso yake mabegani. "Yaache, Mshai. Soma hao wakubwa uliowakuta, hao wadogo uwaache walale."

Mshai alitoka hadi mlangoni mwa pango. Mwanga wa saa nne ulimuumiza macho.

"Umejuaje kwamba ni wadogo?" akauliza. "Sijakuambia kilichomo."

Mikono ya Chao ilikuwa imeshikana magotini, na vidole vilikuwa vimebadilika rangi kwa jinsi alivyovibana.

"Da Chao."

"Nenda kwa mamako," Chao akasema. "Mimi si wa kukuambia. Nenda kabla hujafungua mengine."

Lakini Mshai alirudi ndani akayafungua mengine. Hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake. Alifanya kazi kama alivyofundishwa, glavu mpya kila sanduku, kijiko kipya kila fuvu, na mara nane Chungu kikanguruma na mara nane jina likatokea. Nyambu, marehemu. Mghoi, marehemu. Mwaluma, marehemu. Wote walikuwa watu aliosoma nao darasa moja. Jana tu Mshai alimwona Nyambu akimwagilia kabeji zake. Mghoi alikuwa muuguzi pale zahanati ya kijiji, na ndiye aliyemsaidia kukusanya vichupa vya mate.

Mtu asiyeijua kazi hii angesema mate yameingia kwenye mifupa. Mshai naye alitamani iwe hivyo. Akawasha kipimo cha pili, kile kinachoeleza umri wa mfupa na muda uliokaa ardhini, akasubiri huku amejishika shingo.

Mtoto wa kike, miaka sita. Amefariki miaka thelathini na saba iliyopita.

Yeye alikuwa na miaka thelathini na minne.

Alijaribu kufikiri. Vinasaba vikilingana kabisa, bila tofauti hata chembe, hao ni pacha, waliogawanyika kutoka yai moja. Hakuna njia nyingine, alifundishwa hivyo. Na pacha wake huyu alikuwa amekufa miaka mitatu kabla yeye hajazaliwa. Aliirudia hesabu hiyo mara kadhaa, ameketi chini pangoni, na kila mara ilitoka vile vile. Mwishowe akachomoa kioo cha Chungu, akatoka nacho.

*

Mama yake, Wughanga, alikuwa barazani akipukuchua maharagwe. Alimwona bintiye akipanda njia bila mkoba wake, bila kofia, vumbi la pangoni limemjaa magotini. Akaacha kupukuchua.

Mshai hakusalimia. Alimwekea kioo mapajani.

Wughanga alikitazama kwa muda mrefu. Hakuwa msomaji mzuri wa maandishi madogo, lakini jina la mwanawe alilijua.

"Umelifungua na langu?" akauliza.

Mshai alikuja akiwa na maswali yake. Swali hilo likayaondoa yote.

"Lako ni lipi, mama?"

"Lenye kitambaa cha maua ndani. Nilikishona mimi."

Lilikuwa la kwanza. Mshai alikuwa amekikunja kile kitambaa kwa uangalifu na kukiweka pembeni, akifikiri tu kwamba kitamfaa kukisia mwaka. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Nieleze," akasema.

Wughanga alieleza huku akiyatazama maharagwe. Sauti yake haikupanda wala haikushuka, kama mtu anayesoma maneno aliyoyakariri zamani na hajawahi kuyasema.

Ilinyesha siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili jua lilitoka, watu wakapeleka watoto shuleni. Darasa la chekechea lilikuwa chini ya kilima, peke yake. Saa tatu asubuhi kilima kilishuka. Hakikupiga kelele kubwa, alisema Wughanga, kilitoa sauti kama gunia linaloburutwa. Waliwachimbua kwa majembe, na walipofika karibu wakaacha majembe, wakatumia mikono. Tisa. Mwalimu wao wa kumi.

"Hapo juu palikuwa na kituo cha ng'ombe," akaendelea. "Wewe umekikuta magofu. Wakati wa ukame ule mkubwa ndiko walikokuwa wakitengeneza ng'ombe wa maziwa wasiokufa kwa kiu. Wakimpata mmoja mzuri, wanamrudia. Palikuwa na ng'ombe mmoja akiitwa Malkia. Ukienda malishoni unamkuta Malkia mara sita, madoa yale yale, pembe zile zile. Daktari wao alikuwa Kilele, mtu wa hapa hapa. Walimwita daktari wa ng'ombe, lakini alijua mengi."

"Mama."

"Ngoja. Ukinikatiza sitaweza tena." Akashusha pumzi. "Mimi ndiye niliyemwambia. Wasikudanganye kwamba ilikuwa ni mtu mwingine. Mlikuwa bado mmelazwa kanisani, hamjazikwa. Nilimwambia, Kilele, kama unaweza kwa ng'ombe. Akasema hapana, mtu si ng'ombe. Nikarudi na akina mama wengine. Akasema hapana. Siku ya tatu akaja na kisanduku cha barafu. Alichukua ngozi kidogo nyuma ya sikio la kila mmoja."

Mshai aligusa nyuma ya sikio lake bila kukusudia. Mama yake aliona, akatazama pembeni.

"Mimba hazikushika zote kwa mara moja. Mimi nilipoteza nne. Nne, Mshai. Ya tano ndiyo ilikaa. Nilikubeba miezi tisa, nikakuzaa hapo ndani, nikakunyonyesha. Usije ukaniambia kwamba sikukuzaa."

"Sijasema hivyo."

"Basi."

Kuku alipanda barazani, akadonoa haragwe moja, na hakuna aliyemfukuza.

"Na yeye alikuwa nani?" Mshai akauliza.

"Nani?"

"Huyo aliye kwenye sanduku."

"Ni wewe."

"Mimi niko hapa, mama. Nimekaa hapa kwenye ngazi."

Ilionekana kwamba kwa miaka thelathini na saba Wughanga hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, wala yeye mwenyewe hakujiuliza. Alianza kuokota maharagwe yaliyoanguka, moja moja, akiyarudisha kwenye ungo.

"Ile picha ya sebuleni," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Yenye sweta jekundu."

Mshai aliijua picha hiyo kuliko alivyoujua uso wake. Mtoto wa miaka mitano, amesimama mbele ya ua la michongoma, jino moja limetoka, anacheka. Alikuwa ameitumia kwenye kitambulisho chake cha shule. Mara nyingi alikuwa amewasimulia watu siku ile ilivyokuwa, jinsi sweta lilivyomwasha shingoni.

"Nakumbuka sweta lile likiniwasha," akasema.

"Nilikuambia mimi kwamba lilikuwa linakuwasha. Yeye ndiye alikuwa akililalamikia."

Hapo Mshai aliinuka akaenda kusimama mwisho wa baraza, akaishika nguzo. Maisha yake yalikuwa na vitu vichache alivyokuwa na hakika navyo, na sasa alilazimika kuvipitia kimoja kimoja akiuliza kama ni vyake.

"Mwakio anajua?" Huyo alikuwa kaka yake, fundi wa meli huko Mombasa.

"Alikuwa na miaka kumi. Alisaidia kuchimba."

"Da Chao?"

"Kila mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano hapa Mrughenyi anajua. Tulikubaliana. Mkawa mnazaliwa mmoja mmoja, tukawapa majina yenu, watu wakawaita kwa majina yenu. Watu wazuri, Mshai. Hakuna hata mmoja aliyeteleza."

"Na yeye ulimlilia lini?"

Wughanga aliinua uso kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililomtisha bintiye kuliko yote.

"Sikumlilia. Hilo pia tulikubaliana. Mtu akilia, mtoto angeuliza analia nini."

Upande wa pili wa bonde mtu alikuwa akipasua kuni, na sauti ya shoka ilifika kila mara baada ya shoka lenyewe kushuka.

"Kesho mbele ya kijiji usiwasome hao tisa," Wughanga akasema. "Soma wakubwa wote. Hayo masanduku uyarudishie mawe yake. Nakuomba kama mamako, na nikipiga magoti nitapiga."

Mshai alikuwa anafikiria kiapo alichokula siku alipopewa kibali. Katika miaka ya mwanzo wasomaji walikuwa wakificha mifupa. Huyu alificha ya mjomba wa nje, yule ya mke aliyefukuzwa, na mashamba yakaenda kwa wasio wenyewe. Ndipo sheria ikaandikwa kwa ukali: kilichosomwa na Chungu kitasomwa mbele ya watu, chote, neno kwa neno. Anayeacha jina hata moja ananyang'anywa kibali maisha yake yote. Mshai aliiamini sheria hiyo. Aliwahi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake aliyeivunja.

Na Chungu kilijua watu kwa vinasaba tu. Vinasaba vimoja, mtu mmoja, jina moja. Akisoma neno kwa neno kesho, atasimama mbele ya kijiji na kutangaza kwamba yeye na wenzake wanane, walioketi pale na watoto wao magotini, walikufa chekechea.

*

Alimkuta Nyambu shambani. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi, naye alikuwa anahamisha mpira wa maji kutoka tuta hadi tuta. Kati ya wale tisa, huyu ndiye aliyekuwa karibu naye zaidi. Walikaa dawati moja miaka saba. Baba yake, Mzee Mwashigadi, alikuwa mwalimu mkuu wao.

"Umeonekana kama mtu aliyeona nyoka," Nyambu akasema.

"Nataka kukuambia jambo kabla ya kesho. Nimeona si haki ulisikie mbele ya watu."

Nyambu aliufunga mpira, akajipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na mambo ya taratibu. "Linanihusu mimi?"

"Linatuhusu sisi tisa. Wote tuliosoma pamoja. Ni jinsi tulivyozaliwa."

Alidhani atauliza jinsi gani. Mtu yeyote angeuliza. Nyambu alitazama kabeji zake, safu kwa safu, hadi mwisho wa shamba.

"Ni ugonjwa?" akauliza. "Nina watoto watatu. Kama kuna kitu watakirithi, niambie sasa hivi."

"Si ugonjwa. Watoto wako ni wazima. Wewe ni mzima."

"Basi usiniambie."

"Nyambu, ni jambo kubwa."

"Nimeona ni kubwa, limo usoni mwako." Aliongea kwa upole, lakini alikuwa amerudi nyuma hatua moja. "Sikiliza. Tangu nikiwa mdogo, baba yangu akinitazama huwa anatazama kitu kingine nyuma yangu. Unaelewa? Nikipata namba moja darasani, anatazama nyuma yangu. Nikioa, anatazama nyuma yangu. Nilipokuwa kijana nilitaka sana kujua ni nini. Nikahangaika. Halafu nikapata watoto, nikaacha. Nilijiambia mimi ni Nyambu wa Mwashigadi, na hilo lanitosha. Sasa wewe umekuja na mashine yako."

Maneno aliyoyapanga Mshai njiani yote yalikuwa bado mdomoni mwake, na yalikuwa ya kweli.

"Sheria inanitaka nisome," akasema.

"Sheria haikulala nyumbani kwangu." Akaufungua mpira, maji yakaanza tena kutiririka kwenye tuta. "Hiyo kazi ni yako, siwezi kukufundisha. Lakini umekuja kuniuliza, nami nimejibu. Sitaki."

Mshai alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Alipita mahali ambapo palikuwa na darasa lile, naye hakuwahi kujua. Palikuwa panaota migomba. Alijaribu kumfikiria yule mtoto wa sweta jekundu kama mtu mwingine kabisa, mwenye siku zake mwenyewe, siku elfu mbili na kitu, na hofu zake, na ndoto ambazo hakumwambia mtu. Mtoto huyo hakuwahi kuwa na kaburi lenye jina. Jina lake lilichukuliwa kabla halijapoa, akapewa mwingine, na aliyepewa ndiye huyu anayepita hapa na viatu vyake.

Hapo ndipo Mshai alipolia. Hakujua vizuri anamlilia nani, lakini alijua kwamba kuna mtu ambaye hakuwahi kuliliwa, na kwamba kazi hiyo ilikuwa imeachwa bila mwenyewe.

*

Saa nne asubuhi uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Mabenchi yalitolewa nje, wazee mbele, wenye watoto pembeni. Turubai kubwa jeupe lilitundikwa ukutani, na juu yake mti wa ukoo uliangazwa kutoka kwenye Chungu, tawi baada ya tawi. Chao alifungua kwa maneno machache. Alipompa Mshai kipaza sauti, mkono wake ulikuwa baridi.

Mshai alisoma mafuvu arobaini na moja. Alisoma vizuri, bila haraka. Watu walicheka ilipojulikana kwamba koo mbili zinazodharauliana zilitoka kwa bibi mmoja. Mzee mmoja alisimama kumwonyesha mjukuu wake mahali pa babu yake wa saba. Wale waliovuka miaka arobaini na mitano hawakucheka. Walikaa wima, na kadiri matawi yalivyoshuka karibu na siku zao, ndivyo uwanja ulivyozidi kutulia upande wao.

Tawi la mwisho la wafu lilikwisha. Mshai akakizima kioo cha Chungu. Turubai likabaki jeupe.

"Kuna mengine," akasema. "Nyuma ya mawe kuna masanduku tisa ya watoto. Nimeyafungua yote na Chungu kimeyasoma yote. Sheria inanitaka niwasomee kama kilivyoandika. Sitafanya hivyo. Jambo hili linarekodiwa, na ofisini watalisikia leo hii, kwa hiyo najua kwamba huu ndio usomaji wangu wa mwisho."

Mtu alikohoa. Wughanga alikuwa benchi la tatu, ameinamisha kichwa, kama anayesubiri kupigwa.

"Manane si yangu kuyasema. Yana wenyewe, na wenyewe wako hapa. Nitasema moja, kwa sababu ni la kwetu." Alichukua kalamu nyeusi, akalisogelea turubai. Hakukuwa na mahali pa kumweka mtoto huyo kwenye Chungu, maana Chungu kingemmeza ndani ya jina lingine, basi aliandika kwa mkono, herufi kubwa, na alisoma huku akiandika. "Mshai, binti wa Wughanga. Alikuwa na miaka sita. Sweta lake lilikuwa linamwasha shingoni. Alifariki siku kilima kiliposhuka, miaka mitatu kabla sijazaliwa. Ni dada yangu. Nina jina lake, na kila kitu mwilini mwangu kilikuwa chake kwanza. Mimi si yeye. Leo namlilia kwa sababu hajaliliwa."

Vijana walitazamana bila kuelewa. Mghoi muuguzi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, alielewa kabla ya wengine. Alileta mkono mdomoni, halafu, taratibu, akaupeleka nyuma ya sikio lake, pale mama yake alipozoea kumpapasa tangu utotoni.

Kisha Wughanga alitoa sauti. Haikuwa neno. Ilitoka chini sana, ikapanda, na wanawake wawili waliokuwa karibu naye walimshika, naye akawaponyoka akapiga magoti kwenye nyasi na kulia, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, alivyopaswa kulia siku ile kanisani. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mama Mghoi ndiye aliyesimama wa pili. Alimtafuta bintiye kwa macho, akampata, na Mghoi akaitikia kwa kichwa huku uso wote umelowa. "Mghoi," akasema yule mama. "Miaka mitano. Alikuwa akipenda kuimba." Mshai akaandika. Akasimama baba yake Mwaluma. Mwaluma, aliyekuwa amekaa karibu naye, alimwangalia kama mtu asiyemjua, akainuka, akatoka uwanjani kwa hatua ndefu, na baba yake akamaliza kusema akilitazama lango. Mshai akaandika. Wakaja wengine. Wengine walishikana na watoto wao, wengine hawakuthubutu hata kuwaangalia. Mwanamke mmoja alilitaja jina la mwanawe, kisha akaketi na kusema kwa mshangao, bila kumwambia mtu yeyote, "Nimelisema."

Majina manane.

Mzee Mwashigadi alikuwa benchi la mbele. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya fimbo, na alikuwa ameshaanza kuinuka. Aliishia nusu. Akageuka kumtazama mwanawe aliyeketi kando yake. Safari hii hakutazama kitu nyuma yake. Alimtazama yeye, akisubiri ruhusa.

Nyambu alitikisa kichwa.

"Keti, baba," akasema. Hakupaza sauti, lakini palikuwa kimya na kila mtu alisikia.

Mzee aliketi. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka kwenye jina ambalo hakulisema. Mshai alisubiri kidogo, kalamu mkononi, kisha akaifunga. Sehemu ya tisa kwenye turubai ikabaki wazi.

Watu walichukua muda mrefu kuondoka. Hapa mtu alimkumbatia mwanawe, pale mtu alimfokea mama yake kwa sauti ya chini, akanyamaza, akaanza tena. Mwaluma hakurudi. Chao alisema ofisi ya kaunti imekwisha kupiga simu mara mbili, na kwamba amewaambia msomaji ana msiba.

Mshai alikuwa anakunja nyaya alipoona kivuli kikubwa mezani. Alikuwa Nyambu. Kofia yake ilikuwa mkononi, naye aliikunja na kuikunjua. Nyuma yake, kati ya mabenchi matupu, bintiye wa mwisho alikuwa akikimbizana na wenzake.

"Usiniambie kitu kingine chochote," akasema. "Nijibu hili tu. Alikuwa na miaka mingapi?"

"Minne," Mshai akasema.

Nyambu alisimama pale, akimtazama mtoto wake akikimbia. Akavaa kofia. Akaenda benchi la mbele, akapiga goti mbele ya baba yake, akamfunga kamba za viatu zilizokuwa zimelegea, halafu akamshika mkono na kumsaidia kuinuka.